Kuwaharakisha Wazungu kwa Utani

Kazi yangu pale klabu haikuwa na jina. Wenzangu walijulikana: mpishi, boi wa baa, mkata majani, mbeba mifuko. Mimi nilikuwa yule wa kilimani, basi. Mke wangu alipofika kwa treni kutoka Tabora na kuniuliza huku Dar es Salaam nafanya kazi gani, nilimwambia nawaharakisha Wazungu. Akauliza kama Wazungu wenyewe wanajua.

Walikuwa hawajui, na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wote.

Itabidi nieleze kwanza gofu, maana watu wengi niliowahi kuwasimulia habari hizi hawajawahi kuiona, na mimi niliyeitazama kwa miaka, tangu vita vya pili vilipokwisha mpaka karibu na Uhuru, sijaacha kuishangaa. Watu wanne wanatoka pamoja. Kila mmoja ana kimpira chake kidogo cheupe. Anakipiga kwa fimbo, anakifuata kiliko, anakipiga tena, mpaka kiingie kwenye shimo lililochimbwa mbali huko. Kikishaingia anakitoa, wanahamia shimo lingine. Nyuma yao wanakuja wanne wengine, na nyuma ya hao wengine tena. Wa nyuma hawawezi kupiga mpaka wa mbele waondoke, kwa sababu kimpira kile ni kigumu na kikikupata kisogoni ndugu zako wataitwa. Kwa hiyo kundi moja likizubaa, uwanja mzima unasimama. Watu wazima wenye vyeo vyao wanakaa juani wakitazamana, na hakuna anayejua kosa lilianzia wapi.

Jumamosi walikuwa wakianza kutoka baada ya chakula cha mchana, na kundi la mwisho lilitakiwa limalize kabla jua halijazama. Lisipomaliza, wale wa mwisho walirudi barazani gizani wamenuna, wakaagiza vinywaji, wakaanza kuulizana nani amewachelewesha. Hawakuweza kumlaumu rafiki yao aliyekuwa mbele akisimulia hadithi ya simba katikati ya uwanja. Walinilaumu mimi.

Uwanja wetu ulikuwa nje ya mji, upande wa Kinondoni, siku ambazo Kinondoni ilikuwa minazi na mihogo na vijumba vya makuti. Katikati yake palikuwa na mwinuko. Aliyekuwa upande huu haoni upande ule, ndiyo maana nikawekwa pale juu na bendera nyekundu. Walio mbele wakishapita salama naiinua, walio nyuma wanapiga. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine, katibu wa klabu aliyeniajiri aliieleza kwa neno moja: wasichelewe. Hakusema niwafanyeje.

Nililifikiria sana jambo hilo. Mimi Mnyamwezi, mvaa kaptula ya klabu, nimwambie Mzungu, tena hakimu au mkubwa wa forodha, ongeza mwendo? Nilijaribu kukohoa. Nilijaribu kuipunga bendera kwa nguvu, wakadhani nawapungia mkono, nao wakanipungia. Siku moja ndipo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Mzungu wa gofu hufuata mfuko wake. Fimbo zake zote zimo mfukoni, mfuko uko begani kwa mtu, na mtu yule akianza kwenda, bwana naye anaanza kwenda, hata kama hadithi haijafika kwenye simba. Mguu wake unainuka wenyewe, na mdomo unaendelea. Nililichunguza jambo hili kwa wiki kadhaa, kwa wanene na wembamba, kwa mabwana na mabibi, na halikunidanganya hata mara moja.

Kumbe basi wa kuharakishwa walikuwa wabeba mifuko. Hao nao hawakuwa watu rahisi. Walikuwa watu wazima wenye wake na mashamba, karibu wote Wazaramo wa pale pale, na uwanja ule waliujua kabla haujawa uwanja. Aliyenitangulia kilimani alikuwa Mmakonde wa kule Newala, mtu mpole, mchongaji mzuri wa vinyago. Aliwaomba kwa adabu, wakampuuza. Alipochoka akamtupia mmoja neno kali, akateremshwa kilimani kwa ngumi. Alirudi kwenye vinyago vyake, ambavyo angalau havikubishana naye.

Mimi nilikuwa na kitu ambacho Mmakonde yule hakuwa nacho. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Neno ambalo kwa mwingine lingeleta damu, kwangu lilileta kicheko, na jibu lake lilikuwa njiani likija. Nikaanza kuwatukana.

Mkubwa wao katika mambo hayo alikuwa mzee mmoja mwembamba, mwenye mvi na sauti ya mwadhini, aliyebeba mfuko wa mkubwa mmoja wa forodha. Kundi likisimama, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka, na ndiye wengine walimtazama kabla ya kuinuka. Akitokea tu kule chini alikuwa ananianza.

"Wee mbeba mizigo," ananiita. "Babu yako alibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka hapa. Wewe umeachiwa kitambaa tu, nacho kinakushinda."

"Mtumwa wangu, funga mdomo utembee," namjibu. "Nilikununua kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa imelowa. Sanda yako nimeshaikata. Mke wangu anaipiga pasi sasa hivi. Unatuchelewesha."

Nilijiuliza mara nyingi kwa nini hili linafanya kazi ambapo ombi halikufanya. Nadhani nilipata jibu, ingawa silitolei kiapo. Mtu akiombwa aongeze mwendo, anaona amekuwa mvivu, na mvivu hukaa chini. Lakini akitukanwa na mtani wake toka juu ya kilima, anataka amfikie amjibu usoni, na ili amfikie lazima apande. Anapanda huku anatunga jibu. Bwana wake anaufuata mfuko. Wakishafika, ananipa tusi langu, namsindikiza na lingine la mgongoni, anateremka upande wa pili akicheka, na mwendo wa kuteremka hauhitaji kusukumwa. Jumamosi nzima ilipita hivyo, na wale wa mwisho walimaliza jua bado lipo kwenye minazi. Barazani walisifu hali ya hewa.

Kisha akaja katibu mpya.

Alikuwa kijana kiasi, mwenye miguu mirefu, aliyewahi kufanya kazi ya serikali huko bara. Kiswahili alikisoma kwenye vitabu na kufaulu mtihani wake, na kila neno lilimtoka limenyooka, halina hata vumbi. Alitusalimu mmoja mmoja asubuhi. Alituuliza habari za watoto na kungoja jibu. Nasema haya bila kejeli, alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokaribia kuninyima kazi.

Siku moja alipanda kilimani kwa nyuma kuja kutazama majani, mimi nisimwone. Akanikuta nimepiga magoti kwa kicheko nikimwita yule mzee mtumwa, na kumwambia asipokuja upesi nitamuuza tena, kwa hasara.

Aliniita ofisini. Uso ulikuwa mwekundu, na mwanzoni nilidhani ni jua.

"Umemwita mzee yule mtumwa," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Anaweza kuwa baba yako. Tena umezungumza juu ya sanda yake."

"Bwana, yule ni mtani wangu."

Akasema utani anaujua, amesoma habari zake, na ni jambo la vijijini na misibani. Hapa ni mahali pa kazi. Mzee yule anabeba mzigo juani siku nzima, na juu ya hayo asimamiwe na kijana anayemkumbusha utumwa? Niliona ameumia kweli, na nilishindwa nimfanyeje mtu aliyeumia kwa niaba ya mwingine ambaye hajaumia. Akatoa amri. Kuanzia siku ile nitamheshimu mzee yule na wenzake kama wazazi wangu, na tusi moja tu likisikika, sina kazi. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba siku wachezaji wakishikwa na giza kwa uzembe wangu, pia sina kazi.

Nilirudi kilimani nimefura. Alikuwa amenifunga mikono na miguu, kisha ameniambia niogelee. Mke wangu alikuwa hajamaliza mwezi tangu afike, na mtoto mgongoni. Chumba tulichopanga Kinondoni, unga, mafuta ya taa, vyote vilitoka kwenye bendera ile.

Mzee akatokea kule chini. Akanianza kama kawaida, jambo kuhusu Wanyamwezi na shingo zao. Nikalimeza jibu.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Tafadhali, tuongeze mwendo kidogo."

Alisimama. Akautua mfuko chini. Bwana wake naye akasimama, na waliokuwa nyuma wakasimama, mpaka huko kwenye shimo la kwanza.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hajafa mtu, mzee."

Aliposikia neno mzee mara ya pili aliuinua mfuko, akapanda, akanipita bila kunitazama. Wenzake nao wakanipita hivyo hivyo, mmoja mmoja. Siku ile ilikuwa ndefu.

Jioni alikuja nyumbani kwangu pamoja na wenzake wawili. Amevaa kanzu safi na kofia, kama mtu aliyekuja kuposa. Mke wangu akawatandikia mkeka. Walikataa kula kwanza, wakasema wana jambo.

"Tumekukosea nini?" mzee akaanza. "Kama kuna neno nililolisema likakuchoma, liseme. Mtani hanyamazi hivi hivi. Akinyamaza kakata undugu."

Nikawaeleza amri ya katibu. Hawakuniamini. Mzee akanitaka nirudie, nikarudia.

"Mzungu anakukataza wewe kunitukana mie?" akasema. "Yeye inamhusu nini?"

"Anakuonea huruma."

Nilikuwa nimemjua kwa muda mrefu na sikuwahi kumwona amekasirika. Nilimwona usiku ule. Hakupaza sauti. Aliivua kofia, akaiweka gotini, akaitazama.

"Nani kamwambia," akauliza, "kwamba mie ni wa kuonewa huruma?"

Walikula kidogo kwa ajili ya heshima ya mke wangu, wakaondoka. Mke wangu alipokuwa akikunja mkeka alisema watu wa huku ni wa ajabu, wanalia kwa kukosa matusi. Lakini yeye ni Mnyamwezi, alielewa vizuri tu.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilisema tafadhali mpaka neno likaisha ladha. Wabeba mifuko hawakunifanyia ukaidi, laiti wangefanya. Walikuwa wanyonge. Walikwenda kwa mwendo wa watu wanaotoka mazikoni, na mabwana nyuma yao wakaenda mwendo huo huo, wakazidi kusimama na kusimuliana. Barazani malalamiko yakaanza. Katibu akaniita tena na kuniambia kwa upole, na upole wake ulinitisha zaidi, kwamba Jumamosi inayokuja ni ya kuwania kombe, wake za wakubwa watakuwepo, na ikienda vibaya itabidi atafute mtu mwingine.

Jumamosi hiyo walitoka wengi kuliko siku zote. Mpaka saa kumi walikuwa wamerundikana chini ya kilima. Yule wa forodha alikuwa amesimama katikati ya majani na fimbo kwapani, anasimulia, na nyuma yake makundi mawili yanangoja, moja limeshakaa chini. Kivuli cha minazi kilikuwa kinasogea kuvuka uwanja. Katibu akapanda, akasimama kando yangu. Alikuwa akitazama jua, kisha watu, kisha jua.

"Wazee wangu," niliita, "tafadhali sana, twendeni."

Hakuna aliyeinuka. Yule mzee alikuwa ameketi kwenye mfuko wake. Akaniangalia, akamwangalia katibu aliyekuwa ubavuni pangu, kisha akasimama na kuitoa ile sauti yake ya mwadhini.

"Wee mbeba mizigo! Nasikia siku hizi umekuwa mchungaji. Ulimi wako umeuuza, au wamekunyang'anya tu?"

Wazaramo wote walikuwa wananitazama mimi. Walijua katibu yuko pale, na mzee alijua kuliko wote. Nikijibu, kazi imekwenda mbele ya macho yangu. Nikinyamaza, nimekubali mbele yao wote kwamba mtani wangu anaweza kuniuliza swali kama lile nikakosa la kusema. Nilikifikiria chumba, na mtoto, na treni ya kurudi Tabora. Niliogopa, siwezi kusema vinginevyo. Halafu nikajisikia nimeshafungua mdomo.

"Ulimi ninao, mtumwa wangu!" nikapiga kelele. "Njoo uuone. Ila kwa mwendo huo wa konokono utafika sanda yako imeliwa na mende, tutakuzika na gunia!"

Kicheko kilichotoka kule chini sijakisikia tena maishani. Watu walishikana mabega. Mzee akautupia mfuko begani akaanza kupanda, anatukana, wenzake nyuma yake wanatukana, na mabwana wakainuka na kufuata mifuko yao. Yule wa forodha alipita mbele yangu bado anasimulia, hajui ameanza kutembea lini. Kilima kikabaki kitupu. Kundi la mwisho lilimaliza jua likiwa bado halijagusa mnazi.

Katibu hakusubiri kuliona. Tusi langu lilipotoka tu alisema, "Jumatatu ofisini, wewe na yule mzee," akateremka.

Jumatatu tulisimama mbele ya meza yake. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu afunge vitu. Katibu alimpa mzee kiti. Mzee akakitazama kiti, akabaki amesimama.

"Mzee," katibu akasema, "sema bila kuogopa. Mtu huyu anakutukana?"

"Kila siku, bwana. Na akiacha tena, mie naacha kazi."

"Lakini anakuita mtumwa."

"Na mie namwita mtumwa wangu."

"Wewe huoni aibu?"

"Aibu niliiona alipoanza kuniita mzee mbele za watu, kama mgeni."

Katibu akaegemea kiti chake. Nilimwona amebadilika. Ile hasira ya huruma ilimtoka, na mahali pake pakaja kitu ambacho nakijua kwa sababu mimi mwenyewe ni mgonjwa wake: alitaka kujua. Akauliza Wanyamwezi wana watani wangapi. Akauliza Wangoni je, na Wahehe. Mzee akamjibu. Mwisho akauliza, na nakumbuka alikuwa anacheka kidogo, "Na mimi? Hapa mtani wangu ni nani?"

Mzee alimtazama toka kichwani mpaka kwenye viatu, bila dharau, kama fundi anayempima mtu nguo.

"Wewe huna, bwana."

"Kwa nini?"

"Utani huja watu wakishapigana wakamaliza. Babu zake huyu walipita kwetu na misafara wakienda pwani. Wakachimba mihogo yetu, tukawapiga, nao wakatupiga. Tulipochoka wote ndipo tukacheka. Sie na nyie bado hatujamaliza."

Nilitazama sakafu. Nilidhani sasa tumekwisha wote wawili, na nadhani mzee naye alidhani hivyo, kwa sababu aliivaa kofia yake. Lakini katibu alivuta karatasi zake karibu. Kisha akasema twende zetu, ana kazi nyingi. Hakutaja bendera, nami nikaenda nikaichukua stoo kama siku zote. Amri yake haikufutwa wala haikutajwa tena. Nilitukana, nikatukanwa, uwanja ukaenda.

Baada ya muda, siku moja ya katikati ya wiki ambapo wachezaji walikuwa wachache, katibu alipanda kilimani peke yake. Alisimama karibu nami akitazama majani. Wabeba mifuko walikuwa chini pale, yule mzee akiwemo. Akakohoa.

"Wewe ni mvivu sana leo," akaniambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Unatembea kama kobe."

Nilikuwa nimesimama, sitembei. Nikageuka kumtazama. Alikuwa na tabasamu dogo ambalo halijui likae wapi, na alikuwa anangoja.

Nikaelewa anangoja nini. Na majibu yalikuwepo, tena mazuri. Yalinijia ulimini yenyewe: kuhusu miguu yake ile mirefu, kuhusu kofia yake, kuhusu Kiswahili chake na mtihani aliofaulu. Kule chini wenzangu walikuwa wakitazama juu. Nilimhurumia, na nilijikasirikia kwa kumhurumia. Mtu huyu, akitaka, angeniondoa kazini kabla ya chakula cha mchana, na mke wangu alikuwa ameshafungua vile vitu.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Alisubiri kidogo zaidi. Kisha akatikisa kichwa kama aliyejibiwa, akageuka, akaanza kuteremka kwa upande wa wabeba mifuko. Wakampisha. Aliteremka polepole, mikono mgongoni, na hakuna aliyemwambia aongeze mwendo.